Je, Wajua Kwa Nini Tairi la Kashata Kubwa Huvuma Kwenye Lami?

Mtu anayesimama kando ya barabara kuu ya Arusha–Moshi, tuseme pale Usa River au Boma Ng'ombe, hahitaji kugeuka ili ajue kwamba pikapu inayokuja nyuma yake imevalishwa matairi ya kashata kubwa. Mvumo wake hutangulia gari: sauti nzito ya mfululizo inayopanda kadiri mwendo unavyoongezeka, mfano wa nyuki waliofungiwa ndani ya pipa. Wenye magari hayo huizoea, na wapo wanaoipenda. Hata hivyo, anayeelewa chanzo cha mvumo huo huwa amekwisha kupata nusu ya elimu anayohitaji kabla hajaingia dukani kuchagua tairi la njia zote kwa ajili ya pikapu yake.

Kashata ni vile vipande vya mpira vilivyojitokeza juu ya uso wa tairi, vikiwa vimetenganishwa na mifereji, kama kashata za karanga zilizokatwa kwenye sinia. Kila kipande kinapofika chini huigonga lami, na papo hapo hewa iliyonaswa mferejini hubanwa kisha huachiliwa ghafla. Tairi la ukubwa wa 265/65R17, ambalo huvaliwa na Hilux nyingi, lina mzingo wa takriban mita 2.44, kwa hiyo gari likienda kilomita 80 kwa saa, tairi hilo huzunguka kama mara tisa kwa sekunde. Tukichukua mfano wa tairi lenye kashata 60 katika safu moja, lami itagongwa karibu mara 550 kila sekunde, na mapigo yaliyofuatana kwa kasi hiyo sikio haliyasikii tena kama mapigo bali kama sauti moja. Kama kashata zote zingekuwa na urefu uleule, sauti hiyo ingekuwa kali kama king'ora. Ndiyo maana watengenezaji huchanganya kashata fupi na ndefu katika duara moja, ili kelele isambae badala ya kujikusanya mahali pamoja. Ukilitazama tairi zuri kwa makini, tofauti hiyo utaiona kwa macho.

Kwa nini basi wasizibe mifereji hiyo na kuondoa kelele kabisa? Kwa sababu mfereji ndio unaofanya kazi pale lami inapoishia. Matope yanapoingia kati ya kashata hujaza nafasi yote, na tairi lililojaa matope halina tofauti kubwa na tairi kipara. Mfereji ukiwa mpana, mzunguko wa tairi huyarusha matope nje kabla kashata haijarudi chini, nayo hufika ikiwa safi na tayari kung'ata tena. Mfereji ukiwa mwembamba, matope hubaki humo. Nafasi iliyo tupu ndiyo inayovuma kwenye lami, na hiyohiyo ndiyo inayojisafisha kwenye matope. Haiwezekani kuipata faida moja bila kuilipia kwa nyingine.

Kwa sababu hiyo matairi ya pikapu hugawanywa katika makundi matatu, ambayo mara nyingi huandikwa ubavuni kwa herufi. H/T ni tairi la barabara kuu, lenye mifereji myembamba na utulivu mwingi. M/T ni la matope, na kashata zake zimeachana sana. A/T, yaani tairi la njia zote, limewekwa katikati, na watu wengi hulinunua wakidhani kwamba katikati maana yake ni kuwa bora kila mahali. Sivyo. Tairi la njia zote ni mapatano, na kila mtengenezaji hupatana kwa namna yake: wapo wanaoegemea lami na wapo wanaoegemea matope, ilhali herufi zilizoandikwa ubavuni ni zilezile.

Hapa ndipo mnunuzi anapaswa kuijua ardhi yake. Mtu wa Moshi anayepanda Kibosho, Uru au Marangu wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, hukutana na udongo mwekundu wa mlimani ambao ukilowa huteleza kama sabuni, lakini mara nyingi utelezi huo ni wa juu tu, na chini yake kuna ardhi ngumu. Tairi la njia zote lenye kashata za ukubwa wa wastani, zikiwa na michanjo mingi midogo juu yake, hufaa sana hapo, kwa kuwa kila mchanjo hufunguka na kutoa ukingo mwingine wa kung'ata. Udongo mweusi wa mbuga ni jambo tofauti kabisa. Ukikauka hupasuka nyufa, ukinyeshewa hugeuka gundi, na hauna ardhi ngumu ya karibu ambayo kashata ingeifikia. Gari likizama humo, hata tairi la M/T huwa linabahatisha. Anayepita huko mara mbili kwa mwaka ni afadhali asubiri siku mbili jua liwake kuliko kuvumilia kelele na hasara ya mpira mwaka mzima.

Ninasema hasara ya mpira kwa sababu kashata ndefu zilizoachana hucheza. Gari linapofunga breki, kila kashata hujikunja kidogo kabla haijashika, na mchezo huo huzalisha joto na kuula mpira. Zaidi ya hayo, tairi lenye nafasi nyingi lina mpira mchache unaogusa lami, na kwenye lami iliyolowa huchukua umbali mrefu zaidi kusimama. Mfanyabiashara wa Moshi anayekwenda Arusha mara tatu kwa wiki, safari ya kilomita zipatazo 80 kwenda tu, na ambaye huingia barabara ya vumbi Jumamosi pekee, anatumia lami karibu maisha yake yote ya udereva, hata kama anachokumbuka ni ile Jumamosi aliyokwama. Kwa maoni yangu, kosa kubwa kuliko yote katika kuchagua tairi ni kulichagua kwa ajili ya siku moja mbaya.

Ila kwa upande wetu huu wa kaskazini, adui mkubwa wa tairi huenda si matope. Ni jiwe. Barabara inayotoka Mto wa Mbu kuelekea Engaruka na Ziwa Natron hupita katika nchi iliyotokana na volkano, chini ya Ol Doinyo Lengai, na mawe ya huko yana kingo kali. Changarawe ya kati ya Ngorongoro na Naabi, kwenye lango la Serengeti, nayo hutafuna matairi kwa namna yake: vijiwe hunasa mferejini, na kila mzunguko huvisukuma ndani zaidi hadi vinapofikia nyuzi zilizo ndani ya tairi. Matairi mengi ya njia zote huwekewa vinundu vidogo chini kabisa ya mfereji ili kukizuia kijiwe kisizame, na mnunuzi anayesafiri upande huo anaweza kuingiza kidole mferejini dukani palepale akavitafuta.

Jeraha la juu ya kashata huzibika, na fundi wa pancha wa Karatu atalimaliza kabla chai haijapoa. Jeraha la ubavuni ni msiba, kwa kuwa ubavu hujikunja na kujinyoosha kila tairi linapozunguka, na kiraka hakidumu juu ya kitu kisichotulia. Kwa hiyo, anayekwenda kwenye mawe anapaswa kuuliza kuhusu ubavu kabla hajauliza kuhusu kashata. Uimara wa ganda la tairi huonyeshwa kwa idadi ya plai, kwa mfano 6, 8 au 10, au kwa herufi C, D na E zinazolingana na idadi hizo. Zamani plai ilikuwa hesabu ya matabaka halisi ya nyuzi. Siku hizi ni kipimo cha nguvu tu, kwa hiyo tairi la plai 10 halina lazima ya kuwa na matabaka kumi. Tairi gumu lina gharama zake pia: ni zito, hunywesha gari mafuta zaidi, na pikapu tupu ikilivaa hurukaruka kama mbuzi.

Mzigo ndio unaoamua kama gharama hizo zinastahili. Baada ya vipimo vya ukubwa, ubavuni huandikwa namba na herufi, kwa mfano 112S. Namba 112 maana yake ni kwamba tairi moja linaweza kubeba kilo 1,120, na S maana yake ni mwendo usiozidi kilomita 180 kwa saa. Anayefuata vitunguu Mang'ola na kurudi na tani nzima nyuma, huku uzito mwingi ukielemea mhimili mmoja, asikubali kuuziwa tairi lenye namba ndogo kuliko ile iliyoandikwa na mtengenezaji wa gari, hata kashata zake ziwe za kupendeza namna gani.

Wapo wanaopenda kuongeza ukubwa kidogo ili gari linyanyuke. Ukitoka 265/65R17 kwenda 265/70R17, kipenyo huongezeka kwa takriban asilimia 3.4. Sehemu ya chini ya gari hupanda kwa zaidi ya sentimita moja, lakini spidomita nayo huanza kudanganya: inaposoma 50, gari linakaribia 52, na askari mwenye tochi hapokei hesabu hiyo kama utetezi.

Umri wa tairi huandikwa kwa tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT. Tarakimu 2321 zina maana ya wiki ya 23 ya mwaka 2021. Zisome kabla ya kulipa, hasa kwa tairi la mtumba, kwa sababu mpira huzeeka hata ukiwa umening'inizwa dukani, na kashata nene juu ya mpira uliokauka ni pambo tu. Zamani Arusha ilikuwa na kiwanda chake cha matairi, General Tyre, na mnunuzi aliweza kupata tairi lililotoka jirani. Tangu uzalishaji wake uliposimama, matairi tunayonunua yamesafiri mbali na kukaa maghalani, na tarakimu hizo nne zimekuwa na uzito zaidi.

Tairi likishafungwa, upepo ndio huligeuza kuwa tairi jingine. Pikapu inayotembea na upepo wa 35 kwenye lami, yaani paundi 35 kwa kila inchi ya mraba, inaweza kushushwa hadi 25 hivi inapoingia kwenye changarawe mbaya, na chini kidogo ya 20 kwenye mchanga, ikiwa haina mzigo mzito na inakwenda taratibu. Tairi lililopunguzwa upepo hulala na kuongeza urefu wa sehemu inayogusa ardhi, na hulikumbatia jiwe badala ya kuchomwa nalo. Lakini ukirudi kwenye lami bila kulijaza, ubavu hujikunja kupita kiasi, hupata joto, na tairi huweza kupasuka. Kwa hiyo kipima upepo na pampu ndogo ya umeme ni sehemu ya bei ya tairi la njia zote, na asiyekuwa navyo asishushe.

Tukirudi kwenye mvumo tulioanza nao, tairi jipya la njia zote lililo zuri huvuma kidogo tu. Likianza kupaza sauti baada ya miezi kadhaa, mara nyingi kashata zake zimelika mshazari, upande mmoja ukiwa chini kuliko mwingine, na dawa yake ni kuyabadilishana matairi ya mbele na ya nyuma kila baada ya kilomita 8,000 hadi 10,000. Wakati mwingine, hata hivyo, tairi husingiziwa. Sauti inayobadilika gari linapotoka kwenye lami laini kwenda kwenye lami ya kokoto ni ya tairi. Sauti inayobaki ileile kwenye lami zote mbili, lakini hupanda au kushuka dereva anapoyumbisha usukani kidogo kushoto na kulia, kwa kawaida ni ya beringi ya gurudumu, na hiyo haitanyamaza hata akinunua matairi mapya manne.