Waya Ule Ulikuwa wa Simu

Juzi mgeni niliyemtembeza kando ya reli ya zamani hapa Nakuru alinitumia picha ya makumbusho fulani ng'ambo, jumba lililokuwa karakana ya treni za umeme. Chini yake ameandika: "Mzee, kama hapa kwetu enzi zile."

Jamani! Hapa palikuwa na mvuke, kisha dizeli. Hata SGR ni dizeli. Wa umeme ni jirani zetu Watanzania, tangu 2024.

Ushahidi wa wageni kama huyu huwa ni nguzo za kando ya reli. Zile zilibeba simu. Waya wa kulisha treni hupita juu ya reli yenyewe, maana kichwa cha treni huusugua kikitembea. Basi.

Kosa ninalolisamehe ni la kibao. Dizeli zilizoanza kuletwa 1960 ziliandikwa "English Electric", na mtu akisoma hivyo utamlaumu vipi? Ni jina la kiwanda tu. Wanaonikera zaidi ni wajuaji wanaojibu, "Ni dizeli, kwisha," kana kwamba kile kichwa ni matatu kubwa. Hakina klachi wala giaboksi ya kubadilisha! Injini inazungusha jenereta, umeme unashuka kwa nyaya nene hadi kwenye mota sita, kila ekseli inayovuta na mota yake. Nimezifungua miaka mingi. Unakuta brashi ya kaboni, kile kipande kinachopitisha umeme kwenye mota inayozunguka, imelika ikabaki kama kisabuni cha gesti, na vumbi lake unalipenga siku mbili. Mota ziliungua wapi? Mlimani. Kutoka Nakuru hadi Timboroa unapanda zaidi ya mita 800. Mzigo mzito, mwendo wa konokono, mota zinakula ampea, yaani umeme mwingi, joto linawashinda feni. Injini bado ina nguvu, mota ndizo zinazolia. Dereva mzuri alikodolea macho mshale wa ampea kuliko wa mwendo.

"Kwa hiyo ni ya umeme," akasema mtoto mmoja wa gredi ya tano. Nikamwambia hapana, inajitengenezea wenyewe. "Kwani harusi ya jenereta haina umeme?" Nilishika kofia. Mpaka leo jibu langu halinitoshi.

Hata tangi la maji nimeacha kulitaja kama ushahidi wa mvuke. Dizeli nayo ina rejeta, inakunywa.

Jumamosi nina kundi jingine. Brashi moja iliyolika ninayo mfukoni. Mbishi ataishika kwanza, achafuke vidole, ndipo tuongee.