Sweta Halina Joto: Dhana Potofu za Sayansi ya Shule ya Msingi

Chukua vipande viwili vya barafu vinavyolingana, kila kimoja ndani ya mfuko mdogo wa plastiki. Kimoja kiache wazi kwenye kisahani. Kingine kiviringishe ndani ya sweta zito la sufu, mikunjo mitatu minne. Kabla hujaenda mbali, mwulize mtoto: kipi kitatangulia kuyeyuka? Watoto wengi, na watu wazima si haba, watasema ni cha kwenye sweta, kwa sababu sweta "lina joto". Subirini. Sweta linapokunjuliwa, kipande cha ndani kingali na kona zake, ilhali mwenzake wa kwenye kisahani amekwisha kuwa maji. Uso wa mtoto wakati huo ndio unaonifanya nilipende zoezi hili kuliko mengine yote.

Sweta halina joto la kumpa mtu. Nyuzi zake zinanasa hewa, na hewa iliyotulia hupitisha joto polepole mno. Ukilivaa, joto la mwili wako linachelewa kutoka. Ukilifunikia barafu, joto la chumba linachelewa kuingia. Ndiyo sababu chupa ya themosi inayotunza maji ya moto ndiyo hiyohiyo inayotunza maji ya barafu.

Nimeanza na sweta kwa makusudi. Dhana potofu iliyo mama wa nyingine zote ni kwamba kufanya mazoezi ya sayansi ni kukariri majibu. Mtoto anaweza kuandika "sufu ni kihami joto" akapata alama zote, kisha akatabiri vibaya mbele ya barafu. Kwa hiyo katika kila zoezi fuateni hatua tatu: atabiri na aseme kwa nini, ajaribu, kisha alinganishe. Hatua ya utabiri isirukwe kamwe. Asiyetabiri hatajua kama alikosea. Akishaona matokeo atasema "nilijua tu", na wazo lake la zamani litabaki palepale.

"Chuma ni baridi kuliko mbao"

Kijiko cha chuma na mwiko wa mbao vikilala usiku kucha kwenye meza moja, asubuhi vitakuwa na halijoto ile ile. Kipimajoto kitathibitisha. Kinachotofautiana ni kasi ya kunyonya joto la mkono wako: chuma hulichukua upesi, mbao hulichukua taratibu. Ngozi yetu inahisi jinsi joto linavyotutoka, na ubongo unasema "hiki ni baridi".

"Sukari imeyeyuka, kwa hiyo imekwisha"

Hapa lugha yetu yenyewe inatutega. Tunasema barafu imeyeyuka, na tunasema sukari imeyeyuka ndani ya maji, neno moja kwa mambo mawili. Barafu hugeuka kimiminika kwa kupata joto, wala haihitaji kitu kingine cha kuchanganyika nacho. Sukari haikuwa kimiminika; chembechembe zake zimetawanyika katikati ya chembechembe za maji, ndogo mno kuonekana. Nikiwa na watoto husema "kuyeyuka kwa joto" na "kuyeyuka ndani ya maji", na baada ya siku mbili tatu wao wenyewe huanza kunisahihisha nikisahau.

Imekwisha je? Pima gramu 200 za maji na gramu 20 za sukari, koroga mpaka usione punje hata moja, kisha pima tena. Mizani itasoma gramu 220. Ukitumia chumvi badala ya sukari, mwaga kidogo kwenye sahani bapa na uiache mahali penye jua. Maji yatakauka na chumvi itarudi kuonekana, vipande vidogo vyenye kona kali. Mpe mtoto lenzi ya kukuzia avitazame kwa karibu.

"Ule moshi mweupe wa birika ni mvuke"

Mvuke wa maji hauonekani kabisa. Maji yakichemka, tazama kwa mbali kidogo mdomo wa birika: karibu kabisa na mdomo pana upenyo mtupu, kama hapatoki kitu, halafu ndipo wingu jeupe linapoanza. Mvuke wenyewe upo kwenye ule upenyo mtupu, na unaunguza vibaya, kwa hiyo zoezi hili liwe mikononi mwa mtu mzima. Lile wingu ni vitone vya maji, mvuke uliokutana na hewa baridi ukarudi kuwa kimiminika. Mawingu ya angani ni jambo hilohilo: vitone vya maji au vijipande vya barafu vinavyoelea.

Na mapovu makubwa ya maji yanayotokota si hewa, ingawa jibu la "hewa" hutolewa kwa ujasiri mkubwa. Vile vipovu vidogo vya mwanzo, kabla maji hayajachemka, ni hewa iliyokuwamo majini. Yale makubwa yanayopanda kwa fujo ni mvuke.

Jirani wa dhana hii ni ile ya bilauri ya maji baridi inayotoka jasho. "Inavuja," mtoto atasema. Tia rangi kwenye maji ya ndani. Matone ya nje hayatakuwa na rangi. Yametoka kwenye hewa ya chumba.

"Kizito huanguka upesi kuliko chepesi"

Chukua karatasi mbili zinazolingana. Moja ifinyange iwe kama mpira, nyingine iache bapa, uziachie pamoja. Uzito ni ule ule, lakini ya mpira inatangulia chini. Basi kinachochelewesha si wepesi, ni hewa. Mwaka 1971 mwanaanga David Scott wa Apollo 15 aliachia nyundo na unyoya kwa wakati mmoja akiwa mwezini, pasipo hewa, na vyote vikagusa ardhi pamoja. Dunia huvuta kitu kizito kwa nguvu zaidi, ni kweli, lakini kitu kizito pia ni kigumu kukisukuma kiende. Mambo hayo mawili yanafutana.

Na wanaanga wanaoelea kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu hawako mahali pasipo mvutano. Kituo kiko takriban kilomita 400 juu yetu, ambako mvutano wa dunia bado ni karibu asilimia 90 ya ule wa hapa chini. Wanaelea kwa kuwa wao na chombo chao wanaanguka pamoja, huku mwendo wao mkubwa wa kwenda mbele ukiwazungusha dunia badala ya kuipiga.

"Majira ya joto huja dunia ikisogea karibu na jua"

Nalaumu michoro. Vitabu vingi huchora njia ya dunia kama yai refu, na mtoto anatumia akili yake vizuri tu anapohitimisha kwamba karibu ni joto na mbali ni baridi. Kwa kweli njia hiyo ni karibu duara kamili. Dunia hulikaribia jua zaidi mwanzoni mwa Januari, takriban kilomita milioni 147, na kuwa mbali zaidi mwanzoni mwa Julai, takriban milioni 152. Januari hiyo ndiyo baridi ya kizio cha kaskazini. Umbali ungekuwa sababu, vizio vyote viwili vingepata joto kwa pamoja.

Sababu ni mhimili wa dunia, ulioinama kwa nyuzi 23.5. Mulika karatasi kwa tochi ukiwa wima juu yake, chora mpaka wa mwanga. Kisha inamisha tochi uchore tena. Mwanga ule ule sasa umetandazwa kwenye eneo kubwa, na kila sehemu inapata kidogo. Ndivyo jua linavyomulika kizio kilichoinamia mbali nalo, na hicho ndicho kinachokuwa na baridi.

"Mwezi hupungua kwa kufunikwa na kivuli cha dunia"

Hii ndiyo ngumu kung'oka. Kivuli cha dunia huangukia mwezi wakati wa kupatwa kwa mwezi tu, na hilo hutokea mwezi ukiwa mpevu. Haitokei kila mwezi mpevu kwa sababu njia ya mwezi imeinama kwa nyuzi 5 hivi, na mara nyingi mwezi hupita juu au chini ya kivuli. Siku nyingine zote, nusu ya mwezi inamulikwa na jua kama kawaida. Sisi tunaiona kwa pembe tofauti.

Wiki moja hivi baada ya mwezi kuandama, tokeni nje alasiri. Mwezi nusu utakuwa juu na jua likiwa bado halijazama. Mtoto anyooshe mkono mmoja kuelekea upande wa jua, bila kulikodolea macho, na mwingine kuelekea mwezi. Mikono itafanya pembe mraba, na kivuli cha dunia kitakuwa upande wa pili kabisa wa jua, mbali na mwezi. Kisha mpe mpira mweupe mdogo auinue juani, karibu na pale anapouona mwezi. Nusu ya mpira itang'aa na nusu itakuwa na giza, upande ule ule, umbo lile lile na la mwezi ulio nyuma yake.