Hususi sio ya kujificha

Nimesoma tena mtu kaandika eti kumbi binafsi za maigizo Iran ni zile za kujificha, watu wanaigiza kimyakimya serikali isijue. Hapana jamani. Kiajemi wanasema te'atr-e khosusi, ukumbi ambao hela inatoka mfukoni kwa mwenyewe na kwenye tiketi badala ya hazina ya serikali, basi. Zile za kujificha zina jina lao, zirzamini, yaani chini ya ardhi.

Na hilo khosusi mbona tunalo, ndo hususi yetu, sisi na wao tumelichukua kwa Waarabu. Kinyume chake ni dowlati, na dowlat ndo dola. Karne ya 19 mfalme wao, Naser al-Din Shah, alijenga Tehran ukumbi mkubwa wa taazia, maigizo ya kifo cha Imam Hussein, ukaitwa Takyeh Dowlat, jina tu linakwambia ni wa nani. Hata tamashakhaneh, jina lao la ukumbi wa maigizo, ukilikata unapata tamasha na khaneh, nyumba, ileile iliyojibana kwenye karakana. Maneno haya ni ya kwetu kabisa, ndo maana naumia tukiyakosea.

Sasa hususi inakwambia nani analipa, kibali ni habari nyingine. Mwongozaji wa maigizo Abdolhossein Nushin alifungua ukumbi wa Ferdowsi 1947, wazi kabisa, tiketi zinauzwa, 1949 shah, yaani mfalme, akapigwa risasi akapona, chama cha kikomunisti cha Tudeh kikapigwa marufuku na Nushin mtu wa Tudeh akafungwa. Mkewe Loreta na wenzake wakaendelea na ukumbi wa Saadi, nao ukachomwa moto kwenye mapinduzi ya Agosti 1953 yaliyomwondoa waziri mkuu Mossadegh. Wangekuwa wamejificha nani angejua pa kuchoma?

Na baada ya mapinduzi ya Kiislamu ya 1979 ndo kabisa, awe hususi awe wa dola anapeleka maandishi yasomwe kwanza, halafu kabla ya kufungua pazia wakaguzi wanakuja kukaa kwenye viti vitupu waangalie igizo zima, nywele za mama zimefunikwa?, mume na mke wa kwenye igizo wamegusana? Kikundi kimeshalipia ukumbi kwa hela yake na bado kinasubiri kibali.

Kwa hiyo ndugu yangu ukiandika tena, wanaojilipia wenyewe na wana kibali waite wa binafsi au wa hususi, na wasio nacho waite wa chinichini.