Kuhamia milimani Kondoa au Mpwapwa na watoto wanaosomea nyumbani: yanayosemwa na yalivyo

Anayetoka Dodoma mjini kwenda kukaa Bereko, Haubi au milima ya Mpwapwa kwa kawaida hutafuta nyumba kwanza. Kisha anahangaikia maji, kisha mtandao. Mtihani wa watoto hukumbukwa mwisho, pengine mwaka wa tatu, mtoto akiwa amewapita kwa umri wenzake wa darasa analotakiwa kuingia. Ratiba inayofaa ni kinyume cha hiyo: uliza kwanza mtoto atafanya mtihani gani, wapi na kwa jina la shule ipi, ndipo uende kuangalia mabati ya nyumba. Dhana nyingi zilizopo hapa chini zinatokana na kuanzia upande usio wake.

"Huko mlimani nani atauliza watoto wanasoma wapi?"

Mjini ndiko usikoulizwa. Mtaa wa Area C au Kisasa unaweza kukaa miaka mitano jirani asijue una watoto wangapi. Kijijini, mwenyekiti wa kitongoji anajua idadi yao kabla fuso halijamaliza kushusha vitanda. Watoto wawili wakionekana wanateka maji saa nne asubuhi siku ya Jumatano, mtendaji wa kijiji atapata habari siku hiyohiyo, na kufuatilia watoto wasio shuleni ni sehemu ya kazi yake.

Sheria ya Elimu, Sura ya 353, inamtaka mzazi amwandikishe mtoto elimu ya msingi na ahakikishe anahudhuria. Haina kifungu kinachoipa elimu ya nyumbani utaratibu wake: haisajiliwi na haina fomu. Anayesema "imeruhusiwa" kwa sababu hakuona mahali ilipokatazwa anajidanganya. Mtendaji akija, swali lake litakuwa moja tu: mtoto ameandikishwa shule gani?

Kwa hiyo jibu liwe tayari kabla ya kuhama. Chukua barua ya utambulisho kwenye mtaa unaotoka, uipeleke ofisi ya kijiji wiki hiyo mnayofika. Siku hiyohiyo, au kesho yake, mwone Afisa Elimu Kata. Nenda na faili lenye nakala za vyeti vya kuzaliwa, ratiba ya wiki, mtaala mnaoufuata, madaftari mawili matatu ya kila mtoto, na uthibitisho wa usajili kama watoto wako kwenye shule ya masafa, ile inayofundisha kwa mbali. Madaftari yana nguvu kuliko hotuba. Afisa akiona hesabu zilizosahihishwa zenye tarehe, mazungumzo yanakuwa ya mwalimu na mwalimu.

"Darasa la saba atafanya kama mtahiniwa wa kujitegemea"

Hili ndilo kosa lenye gharama kubwa kuliko yote, na linasemwa na watu wenye elimu zao.

Mtahiniwa wa kujitegemea yupo kidato cha nne na cha sita. Kwenye mtihani wa kumaliza elimu ya msingi mtoto husajiliwa Baraza la Mitihani kupitia shule, akiwa na namba yake ya PREM, ile inayomfuata mwanafunzi hata akihama shule. Upimaji wa darasa la nne nao unapitia shuleni. Mtoto asiye na namba hiyo hawezi kuibuka Septemba na penseli mkononi akidai nafasi.

Pia hesabu ya miaka imebadilika. Chini ya mtaala mpya ulioanza kutumika 2024, elimu ya msingi ni miaka sita, na kundi la kwanza la miaka sita linamaliza 2027 pamoja na darasa la saba la mwisho. Mzazi aliyepanga "tutamrudisha shule akiwa la sita ajiandae na la saba" amechelewa mwaka mzima bila kujua.

Zipo njia tatu za kweli. Ya kwanza: mtoto aandikishwe shule ya msingi ya kijiji, ahudhurie, na nyumbani apate mnachotaka kuongeza jioni, Jumamosi na likizo. Shule za serikali hazitozi ada, na kwa familia inayotaka mtoto abaki kwenye mfumo wa taifa tunaona ndiyo njia salama kuliko zote. Kuandikishwa tu bila kuhudhuria si ujanja, maana mahudhurio huitwa kila siku na jina lake litaingia kwenye orodha ya watoro.

Ya pili ni mitihani ya nje, kama IGCSE, mtihani wa kimataifa wa Uingereza wa ngazi ya kidato cha nne. Inafanyika kwenye vituo vilivyosajiliwa, ada hulipwa kwa kila somo, kituo nacho huongeza gharama zake, na hakuna kituo mlimani. Panga safari na malazi ya kipindi chote cha mitihani, maana karatasi hutawanyika wiki kadhaa. Baadaye matokeo hayo hupelekwa Baraza la Mitihani kulinganishwa na ya hapa. Weka nakala halisi.

Ya tatu ni kwa wakubwa. Kijana ambaye hakupita kidato cha pili shuleni huanza na mtihani wa maarifa, QT, na akifaulu ndipo anajisajili kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kwa masomo ya sayansi, uliza mapema kituo unachokitaka kama kina maabara na kama kinawapokea watu wa nje kwa mazoezi ya vitendo. Kijana aliyesoma kemia kwa video tupu huishia kushika bureti kwa mara ya kwanza siku ya mtihani.

"Tukikusanya watoto wa majirani tutagawana gharama"

Kusaidiana hesabu jioni ni ujirani. Kupokea watoto wa watu kila asubuhi kwa malipo ni kuendesha shule, na shule inahitaji usajili wa Kamishna wa Elimu. Mpaka huu huvukwa polepole: leo mtoto wa mwenyekiti, kesho wa mwenye duka, mwezi wa tatu kuna viti kumi barazani.

"Mvua ya mlimani ni nyingi, maji hayatakuwa tatizo"

Hapa piga hesabu na kalamu. Kanda ya kati ina msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili. Miinuko hupata zaidi ya Dodoma mjini, ila usipange kwa kutegemea ziada. Chukua milimita 550 kwa mwaka. Paa la mita 10 kwa 6 ni mita za mraba 60. Zidisha: lita 33,000. Toa sehemu ya tano inayopotea kwa kuruka, kuvuja na kuoshea bati, unabaki na lita 26,400.

Familia ya watu sita ikitumia lita 20 kila mtu inamaliza lita 120 kwa siku. Kiangazi cha Mei hadi Novemba kina siku 214, yaani lita 25,680. Mtu akiona 26,400 juu ya 25,680 anashangilia. Amesahau kwamba Desemba hadi Aprili nako mnakunywa, mnaoga na kufua: siku 151, lita 18,120. Aprili ikiisha mmebakiwa na lita 8,280 hivi, nazo zinakata wiki ya pili ya Julai.

Suluhisho si kununua matangi matano. Matangi mawili ya lita 5,000 yanatosha kuhifadhi kilichobaki, mradi maji ya mvua yawe ya kunywa na kupikia tu wakati wa kiangazi, lita 5 kwa mtu. Hiyo ni lita 6,420 kwa siku zote 214. Ya kufulia na kuoga yatoke bombani, kisimani au kwa mwenye punda, na bei yake iingie kwenye bajeti tangu mwanzo.

Tangi la lita 5,000 likijaa ni tani tano. Likiwekwa juu ya udongo wa mteremko bila msingi wa mawe na zege, litainama msimu wa kwanza na kukata bomba kwenye koki. Mvua ya kwanza imwagwe: milimita moja kwa paa hilo ni lita 60, ndoo tatu za vumbi, majani na kinyesi cha ndege.

Kingine kuhusu maji: sehemu za kanda ya kati zina visima vyenye chumvi na madini ya floraidi, ambayo yakizidi huacha madoa ya kahawia kwenye meno ya watoto yanayoota. Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yanapungua sufuriani, floraidi inabaki palepale, kwa hiyo inazidi kukolea. Peleka sampuli ipimwe. Kikomo kinachotumika ni miligramu 1.5 kwa lita. Mvua haina tatizo hilo.

"Paneli moja ya sola inatosha, tuna kompyuta tatu tu"

Kompyuta tatu za wati 45, saa nne kila moja: wati-saa 540. Taa tano za wati 5 kwa saa tano: 125. Ruta ya wati 10 kwa saa kumi na mbili: 120. Jumla ni wati-saa 785, na ukiweka upotevu wa inveta na nyaya unahitaji 1,050 hivi. Mjini Dodoma jua ni la kujivunia, lakini Februari mlimani ukungu hukaa hadi saa nne asubuhi, hivyo hesabu saa nne za jua kamili: wati 262, yaani paneli mbili za wati 150. Zielekee kaskazini, ziinuke nyuzi 10 hadi 15 ili mvua izioshe.

Betri ndiyo inayowaangusha wengi. Ukitaka akiba ya siku moja na nusu, betri ya asidi isiyotakiwa kushuka chini ya nusu inabidi iwe na ampea-saa (Ah) 260 za volti 12. Ya lithiamu Ah 155 hivi zinatosha. Wanaonunua betri moja ya Ah 100 huiua ndani ya mwaka kwa kuikausha kila usiku, kisha wanalaumu fundi.

"Simu inashika vizuri, nilijaribu"

Ulijaribu wapi? Barabarani, saa tano asubuhi. Mlima huziba mawimbi. Nyumba mbili zinazotazamana ng'ambo ya korongo zinaweza kuwa na mtandao tofauti kabisa. Jaribu ndani ya chumba watakachosomea, chini ya bati, madirisha yamefungwa, saa mbili usiku, kwa laini mbili tofauti. Hata ukishika vizuri, vitabu vipakue kabla: Maktaba Mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania ina vitabu vya kiada bure, na ukivijaza kwenye flashi ukiwa mjini umeokoa bando la miezi.

"Balozi wa nyumba kumi alishuhudia, kiwanja ni changu"

Ardhi ya kijiji inasimamiwa na halmashauri ya kijiji chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999. Sahihi ya balozi na majirani wawili haitoshi. Uhamisho uidhinishwe na halmashauri na muhtasari wa kikao uuone. Uliza pia mpaka wa hifadhi ya msitu uko wapi, kwa sababu miteremko mingi mizuri, milima ya Kiboriani huko Mpwapwa kwa mfano, imepakana na hifadhi. Ushauri wetu: pangisha mwaka mzima kwanza, upite masika na kiangazi kimoja.

Kondoa ina somo lake. Mmomonyoko uliikata ardhi hadi serikali ikaanzisha mradi wa HADO (Hifadhi Ardhi Dodoma) mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo ikaondolewa kwenye eneo lililoathirika. Makorongo yale bado yapo. Nyumba isikae mdomoni mwa korongo hata kama halina maji Septemba, na mbuzi usiwanunue kabla hujajua sheria ndogo za kijiji kuhusu kuchunga.

"Mlimani hakuna malaria, na baridi ni ya kawaida"

Mbu hupungua kadiri unavyopanda, lakini hawamaliziki, chandarua kibaki. Baridi: kila mita 100 hupunguza nyuzi 0.6 hivi. Mahali palipo mita 700 juu ya Dodoma mjini, usiku wa Juni wa nyuzi 13 mjini unakuwa wa nyuzi 9. Vidole vya mtoto wa miaka saba haviandiki vizuri kwenye hali hiyo saa moja asubuhi. Anza masomo saa tatu, kwenye chumba chenye dirisha la mashariki. Maji nayo huchemka kabla ya nyuzi 100, hivyo maharage yasiyolowekwa yatakula gesi yako.

"Watakosa marafiki" ni hofu inayozidishwa. Wenzao hutoka shule mchana, kuna mpira, madrasa, kwaya, na foleni ya bombani. Kinachowatenga ni wazazi wasioenda msibani na wasiotoa mchango wa kijiji. Wafundisheni salamu za Kirangi au Kigogo kabla ya Kiingereza cha ziada. Na walioko Kondoa wapelekeni Kolo: michoro ya miambani iliyoingizwa Urithi wa Dunia mwaka 2006 ni somo la historia, sanaa na jiolojia kwa siku moja. Mwongozaji hupatikana ofisi ya mambo ya kale palepale Kolo; chukua maji ya kutosha, kwa sababu kupanda ni kwa miguu.

Kuhama kwenyewe kuwe Juni hadi Oktoba. Lami ya Dodoma–Kondoa–Babati haina neno. Taabu ni kipande cha vumbi kinachoiacha lami kupanda kijijini, ambacho Januari hugeuka utelezi na kulaza fuso siku mbili. Kadi za kliniki, vyeti na faili la shule visipande fuso. Vikae kwenye begi la mama, miguuni.