Mwibuko wa wadudu: maana yake kwa anayeanza kuvua kwa ndoano ya manyoya

Mwibuko ni ule muda ambao wadudu wa aina moja, waliokuwa wakikaa chini ya maji kwa wiki au miezi, wanapanda juu kwa wingi, wanajivua ngozi na kuruka. Unaweza kwisha ndani ya dakika 20, au ukaendelea saa mbili. Si mayai yanayoanguliwa, kosa ambalo wanaoanza hulifanya sana. Yai lilishaanguliwa zamani. Anayetoka sasa ni tunutu, yaani mdudu mchanga wa majini, aliyekomaa.

Kumbikumbi wanaotoka Tabora na mvua za kwanza, mwezi wa Novemba hivi, hawaingii humo, maana hao ni wa nchi kavu. Ila wakiangukia maji, samaki huwala vilevile, na kwa anayeanza ndio darasa rahisi kuliko yote: mdudu ni mkubwa, anaonekana, na ndoano namba 10 inamtosha. (Namba ikipanda, ndoano inapungua: namba 18 ni ndogo kuliko 10.)

Mvuvi wa ndoano ya manyoya anajali mwibuko kwa sababu chambo chake ni manyoya na uzi vilivyofungwa vifanane na mdudu. Hakina harufu wala ladha, kwa hiyo umbo, ukubwa na mwendo ndivyo vinavyomdanganya samaki. Chakula kimoja kikijaa mtoni, samaki huzoea kula hicho na kukiacha kingine kipite.

Wadudu wenyewe wapo makundi machache ya kujua. Yupo anayesimamisha mabawa wima kama tanga la mtumbwi, mkiani ana nyuzi mbili au tatu. Huyu hujivua ngozi mara moja zaidi akiwa tayari na mabawa, na akishakomaa hali chakula kabisa. Yupo mwingine anayelaza mabawa kama paa la nyumba, ambaye utotoni wengi wa jamii yake hujijengea kibanda cha mchanga na vijiti. Kisha wapo vijidudu mithili ya mbu wasiouma, ambao huwa wengi kwenye maji yaliyotulia. Wao wanataka ndoano namba 18 au ndogo zaidi. Katika Ziwa Victoria wa kundi la kwanza, Povilla adusta, huibuka kwa kufuata mwezi, usiku wa siku chache baada ya mwezi mpevu.

Kujua kilichomo mtoni, geuza jiwe lenye ukubwa wa sufuria mahali maji yanapokwenda kasi, kwa mfano kwenye vijito vinavyoshuka milimani kuelekea Ziwa Tanganyika. Mtazame tunutu mgongoni, pale mabawa yatakapotokea. Vifuko vya mabawa hayo vikiwa vyeupe au vya kahawia hafifu, bado. Vikiwa vimekolea weusi, anakaribia kuibuka, pengine jioni hiyohiyo. Rudisha jiwe lilivyokuwa. Buibui wa kando ya mto naye ni shahidi mzuri, utando wake unahifadhi walioruka jana. Kukinga wanaoelea, chujio la chai linatosha. Kipande cha chandarua kiache nyumbani, watu watakudhania mengine. Na kwenye mito ya Malagarasi au Ugalla usiingie majini kwa ajili ya tunutu, kuna mamba.

Sehemu inayowashinda wengi ni kujua mdudu analiwa akiwa wapi. Anapopanda hukwama kidogo chini ya utando wa juu wa maji, nusu ndani ya ngozi yake ya zamani, na hapo ndipo anaposhikwa kirahisi. Samaki akiacha kiputo cha hewa mahali alipochota, kala cha juu. Ukiona mgongo na mkia tu, bila kiputo, anakula chini ya utando, na chambo kinachoelea utakirusha hadi giza liingie bila kuguswa. Badilisha, weka kinachozama sentimita chache.

Jihadhari pia na mdudu mkubwa anayekujaa machoni. Mara nyingi wanaibuka wa aina mbili pamoja, na samaki anakula yule mdogo usiyemwona. Chota maji kwa chujio kabla ya kubadilisha ndoano.

Ukishapata chambo sahihi na bado samaki anakisogelea kisha anageuka, tazama mshipi. Mkondo wa katikati huuvuta haraka kuliko maji ya pembeni, na chambo kinaburuzwa kikiacha mfereji mdogo nyuma yake. Mdudu halisi haendi hivyo, anaelea na maji. Mara tu baada ya kurusha, inua fimbo na uutupe mshipi kuelekea mto unakotoka, bila kukigusa chambo. Utapata mita mbili au tatu za kuelea huru.