Kinywaji cha kontrasti kabla ya MRI ya utumbo: maswali na majibu

Mtu akiandikiwa kipimo cha MRI ya utumbo, yaani picha za ndani ya mwili zinazopigwa kwa sumaku, hujiandaa kwa ajili ya mashine: kelele zake, uwazi wake mwembamba, kulala bila kutikisika. Kinachomshangaza ni chupa anazokabidhiwa kabla hajaingia, pamoja na agizo la kuzinywa zote. Wengi hunywa nusu wakaacha, kwa kuwa hawajaelezwa kinywaji kile kina kazi gani. Majibu haya ni kwa ajili yao, na kwa yeyote anayemsindikiza mgonjwa wa namna hiyo.

MRI inaona ndani ya mwili yenyewe. Kwa nini ninywe kitu?

Kwa sababu utumbo mtupu hunywea. Utumbo mwembamba wa mtu mzima una urefu wa takriban mita 6, umejikunja tumboni mkunjo juu ya mkunjo, na usipokuwa na kitu ndani kuta zake hugusana. Ni kama shati lililokunjwa: tundu lipo, lakini hulioni mpaka ulikunjue.

Sehemu iliyonywea humsumbua daktari kwa njia mbili. Huweza kuficha kidonda, uvimbe mdogo au mahali palipobana. Pia huweza kumdanganya, kwa maana ukuta wenye afya ukijikunja huonekana mnene kama uliovimba. Utumbo uliotanuka vizuri huwa na ukuta mwembamba usiozidi milimita 3 hivi, na ukizidi hapo daktari huanza kutafuta sababu. Kipimo hicho hakina maana ikiwa utumbo wenyewe haukutanuka.

Kwa hiyo kinywaji hiki hakitibu chochote. Kazi yake ni kuujaza utumbo, kuutanua, na kuifanya nafasi ya ndani itofautiane kwa rangi na ukuta unaochunguzwa. Ndiyo maana huitwa kontrasti.

Ndani yake kuna nini?

Inategemea hospitali. Ili uelewe tofauti zake, jua kwamba MRI hupiga picha za aina kadhaa katika kipimo kimoja. Mbili zinazotajwa sana ni T1 na T2. Kwenye T2 maji huwa meupe, kwenye T1 maji huwa meusi. Vinywaji vya kontrasti hugawanywa kwa jinsi vinavyoonekana kwenye picha hizo.

Vinavyotumika zaidi siku hizi ni vile vyenye sura mbili, yaani vyeupe kwenye T2 na vyeusi kwenye T1. Kiini chake ni maji. Maji matupu nayo yana sura hizo mbili, lakini utumbo huyafyonza haraka mno, na hayafiki kwa wingi wa kutosha kwenye sehemu ya mwisho ya utumbo mwembamba. Huko ndiko ugonjwa wa Crohn, unaosababisha uvimbe wa muda mrefu kwenye njia ya chakula, hupenda kukaa. Kwa hiyo maji huchanganywa na kitu cha kuyazuia yasifyonzwe. Manitoli, mara nyingi kwa kiwango cha asilimia 2.5, na sobitoli ni sukari za jamii ya alkoholi ambazo mwili huzifyonza kidogo sana, nazo huyashikilia maji ndani ya utumbo. Polietilini glikoli, ileile inayotumika kulainisha choo, hufanya kazi hiyohiyo. Vingine huongezewa kitu cha kuvifanya vizito, kama methiliselulosi. Kipo pia kinywaji chenye bariamu kidogo sana, karibu asilimia 0.1, pamoja na sobitoli.

Kundi la pili ni la vinywaji vinavyong'aa kwenye T1, vyenye madini kama gadolini au manganisi. Tatizo lake hujitokeza mgonjwa anapodungwa dawa ya kontrasti kwenye mshipa. Ukuta wenye uvimbe hung'aa, na nafasi ya ndani nayo inang'aa, hivyo viwili hivyo huchanganyikana machoni.

Kundi la tatu hufanya ndani ya utumbo kuwe kweusi kwenye picha zote mbili. Mfano wake ni chembechembe ndogo sana za oksidi ya chuma. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha kinywaji kimoja cha aina hiyo, ferumoxsil, mwaka 1996. Weusi huo ulisaidia kuonyesha maji yaliyojikusanya nje ya utumbo na ukuta uliojaa maji, lakini chembe za chuma huvuruga baadhi ya picha, na kinywaji hicho hakiuzwi tena huko.

Maoni yangu ni kwamba vile vyenye sura mbili vilistahili kushinda. Kwenye T1, baada ya sindano, ukuta wenye uvimbe unang'aa kando ya nafasi nyeusi, na jicho la daktari huenda moja kwa moja kwenye tatizo.

Je, ni teknolojia mpya?

Hapana. Mwaka 1981, watafiti wa Uingereza waliwanywesha watu kloridi ya chuma ili njia ya chakula ionekane vizuri zaidi kwenye picha za sumaku, wakati mashine zenyewe zilikuwa bado changa. Sindano za gadolini, ambazo leo ndizo zinazojulikana zaidi, zilianza kutumika kwa binadamu miaka michache baadaye.

Nimesikia juisi ya nanasi hutumika. Ni kweli?

Ni kweli, ila si kwa kipimo hikihiki. Kuna MRI ya mifereji ya nyongo na ya kongosho, inayoitwa MRCP. Picha zake ni za T2 kali, ambamo kila kimiminika kilichotulia hung'aa. Nyongo hung'aa, lakini na maji yaliyomo tumboni na mwanzoni mwa utumbo hung'aa vilevile, yakaifunika mifereji. Juisi ya nanasi ina manganisi kwa wingi, na manganisi huyazima maji hayo kwenye picha za T2. Mgonjwa hunywa kiasi kidogo muda mfupi kabla ya kipimo. Juisi ya bluberi nayo imetumika kwa sababu hiyohiyo.

Lakini usijinywee juisi nyumbani ukidhani unasaidia. Kiasi cha manganisi hutofautiana kati ya juisi na juisi, tena kipimo hutaka uwe umefunga. Kunywa pale tu utakapoambiwa na wahudumu.

Ninywe kiasi gani, na kwa mwendo gani?

Kwa MRI ya utumbo mwembamba, ambayo huitwa enterografia, mtu mzima kwa kawaida hunywa kati ya lita 1 na lita 1.5 kwa muda wa dakika 45 hadi 60. Kabla ya hapo utakuwa umefunga kula kwa saa 4 hadi 6. Kwa watoto, vituo vingi hukadiria mililita 20 kwa kila kilo ya uzito.

Mwendo una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Ukinywa yote kwa mkupuo mmoja, kinywaji hujazana tumboni, utatapika au utajisikia vibaya, na utumbo wa katikati utabaki mtupu. Ukinywa polepole mno, cha mwanzo kitakuwa kimekwishaingia kwenye utumbo mpana kabla cha mwisho hakijatoka tumboni. Kinachotakiwa ni msafara usiokatika, kuanzia tumboni hadi mwisho wa utumbo mwembamba, kwa wakati mmoja, mashine inapoanza kupiga picha. Ndiyo sababu wahudumu hukupa chupa moja moja kwa saa maalumu, na ndiyo sababu ni muhimu ufike mapema. Mgonjwa aliyechelewa, akanywa haraka haraka na kuingia, huweza kutoka na picha zisizojibu swali la daktari wake, halafu akaitwa kurudia.

Nikishindwa kumaliza?

Sema. Tafadhali sema. Usimwage kilichobaki, wala usidanganye kwamba umemaliza. Mhudumu akijua umekunywa theluthi mbili, anaweza kukupa muda zaidi, au kumwarifu daktari atakayesoma picha, ili asiite ugonjwa ukuta ambao haukutanuka tu.

Ladha ya vinywaji hivi ni ya utamu wa ajabu, na vingine ni vizito mdomoni. Vikiwa baridi hunyweka kwa urahisi zaidi. Kutembeatembea kati ya chupa na chupa huwasaidia baadhi ya watu. Kwa asiyeweza kunywa kabisa, ipo njia ya kupitisha mpira mwembamba puani hadi kwenye utumbo mwembamba, kinywaji kikaingizwa humo. Hutanua utumbo vizuri sana, hasa sehemu ya juu, lakini wengi hawaupendi mpira huo, na vituo vingi huuweka kwa mahitaji maalumu tu.

Kitaniletea madhara gani?

Tarajia kuharisha. Kitu kinachoyazuia maji yasifyonzwe lazima kiyatoe nje, na kwa watu wengi hutokea saa chache baada ya kipimo. Tumbo kujaa gesi, kusokota na kichefuchefu ni vya kawaida pia. Mara nyingi huisha siku hiyohiyo. Jipangie safari ya kurudi nyumbani kwa kuzingatia hilo, uwe karibu na choo, na unywe maji ya kutosha baadaye ili kufidia uliyopoteza.

Mbona wananidunga sindano pia?

Huwa kuna sindano za aina mbili, na zina kazi tofauti na kinywaji.

Ya kwanza ni ya kutuliza utumbo. Utumbo hujongea muda wote, na mjongeo huo hutia ukungu kwenye picha. Dawa inayotumika sana ni hayosini butilibromaidi, wengine hupewa glukagoni. Hayosini haifai kwa baadhi ya watu: wenye aina fulani ya presha ya macho, wenye mapigo ya moyo yanayokwenda kasi kupita kawaida, na wenye ugonjwa wa misuli uitwao miasthenia gravisi. Mwenye ugonjwa wowote wa moyo aseme mapema. Dawa hii huweza kutia ukungu machoni kwa muda, basi usiendeshe gari mpaka uone sawasawa.

Ya pili ni gadolini ya kwenye mshipa, inayoonyesha mahali damu inapokwenda kwa wingi, kama penye uvimbe. Ukiwa na ugonjwa wa figo au uliwahi kudhurika na gadolini, mwambie mhudumu kabla hajaandaa sindano.

Nani anapaswa kuongea na wahudumu kabla ya kunywa?

Aliyeziba utumbo, au anayehisi umeziba: anatapika, tumbo limejaa na kuuma, hapati choo wala hatoi hewa. Kumjaza huyo lita nzima ya kinywaji bila daktari kujua ni hatari.

Mwenye tatizo la kurithi la kutovumilia fruktosi hapaswi kupewa sobitoli, kwa sababu mwili huigeuza kuwa fruktosi. Mwenye kisukari hahitaji kuogopa sana sukari ya kinywaji, kwani manitoli na sobitoli hufyonzwa kidogo. Kwake yeye hatari kubwa ni kufunga kula huku akitumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari, na hilo lipangwe na daktari siku kadhaa kabla.

Mjamzito aseme, hata kama mimba ni changa. MRI haina mionzi ya eksirei, na kinywaji huweza kutolewa, lakini gadolini ya kwenye mshipa huepukwa isipokuwa pana ulazima.

Na hili husahaulika: kama ulimeza kapsuli yenye kamera ya kuchunguza utumbo na huna uhakika kwamba imetoka, usiingie kwenye chumba cha MRI. Kapsuli ina vipande vya chuma na betri, na sumaku ya mashine, ambayo nguvu yake kwa kawaida ni tesla 1.5 au 3, haizimwi mgonjwa anapoingia. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo naye asiingie kabla wahudumu hawajathibitisha kwamba kifaa chake kinaruhusiwa.

Kwa nini nisipigwe CT tu, iishe haraka?

CT, yaani kipimo cha picha za eksirei kwa kompyuta, ni ya haraka kweli, na kwenye dharura mara nyingi ndiyo chaguo sahihi. Lakini hutumia mionzi. Ugonjwa wa Crohn huwapata wengi wakiwa bado vijana, na hufuatiliwa kwa picha za mara kwa mara kwa miaka mingi. Kwa mtu wa namna hiyo, kila kipimo kinachoweza kufanyika bila mionzi kina thamani. Fahamu pia kwamba si kila kinywaji cha CT kinafaa kwa MRI, kwa hiyo usitumie kilichobaki kutoka kipimo kingine.

Je, kila MRI ya tumboni inahitaji kinywaji hiki?

Hapana. MRI ya fistula za njia ya haja kubwa haihitaji, ya ini kwa kawaida haihitaji, wala ya saratani ya puru.

Kuna tahadhari yoyote baada ya kipimo?

Kama umekunywa manitoli na umepangiwa kolonoskopi (kuchunguzwa utumbo mpana kwa kamera) siku hiyohiyo au kesho yake, mjulishe daktari atakayeifanya. Bakteria wa utumbo mpana huichachusha manitoli na kutoa gesi zinazoweza kuwaka, na iwapo kifaa cha umeme kitatumika kukata kinyama, gesi hiyo ni hatari. Imewahi kulipuka. Daktari akijua mapema atakuandaa kwa dawa nyingine ya kusafisha utumbo, au atasogeza tarehe.

Rudi hospitali haraka ukipata maumivu makali ya tumbo yasiyopungua, ukitapika mfululizo, ukiharisha hadi kizunguzungu, ukivimba uso au kushindwa kupumua vizuri. Jicho likiuma na kuwa jekundu baada ya sindano ya kutuliza utumbo, nenda siku hiyohiyo, usisubiri asubuhi.