Hotuba ileile, masikio tofauti: kuisikiliza kampeni ya mchujo ya Marekani

Mgombea anayesaka tiketi ya chama chake kuwania urais wa Marekani hana hotuba mia. Anayo moja. Asubuhi anaitoa kwenye mgahawa wa mji mdogo wa Iowa, jimbo ambako kwa desturi kura hizo huanzia, mchana kwenye ukumbi wa shule, usiku kwenye kituo cha zimamoto, na mzaha wake unaangukia mahali palepale mara zote tatu. Wamarekani huiita hotuba ya kisiki, kwa kuwa zamani wasemaji wa mashambani walipanda juu ya kisiki cha mti ili umati uwaone.

Ninapoandika mchujo nina maana ya kura za kumpata mgombea wa chama. Binamu zake huku kwetu ni kura za maoni za CCM na mchujo wa vyama vya Kenya, ila kule hupigwa jimbo baada ya jimbo kwa miezi, na matokeo hugeuzwa kuwa idadi ya wajumbe wa mkutano mkuu wa chama.

Anayesikia hotuba hiyo kwa mara ya tatu huona uvivu. Mimi naona hesabu. Iowa ina kaunti 99, na wagombea wenye bidii huzipitia zote. Mkulima wa kaunti ya 60 hakuwepo kaunti ya 59, kwa hiyo kwake kila neno ni jipya. Wanaochoka ni wapambe wa mgombea na waandishi wa habari wanaosafiri naye. Hapo ndipo penye mgogoro: hotuba imetungwa kwa ajili ya mtu anayeisikia mara moja, lakini inachunguzwa na mtu aliyeisikia mara hamsini. Karibu kila aibu kubwa ya mchujo ninayoijua imetokea kwenye pengo hilo.

Ukiichambua, hotuba yenyewe ni vipande vinavyoungwa. Toleo kamili huchukua kati ya dakika 20 na 40, na timu makini huwa na toleo la dakika kumi na jingine la dakika tatu, la kusimama juu ya kiti sebuleni kwa mtu. Kwanza huja salamu yenye nafasi tupu za kujaza: jina la mji, la mwenyeji, la timu ya shule. Halafu wasifu, kisa cha raia wa kawaida, mashtaka dhidi ya serikali au matajiri, ahadi mbili tatu, kijembe kwa mpinzani, kisha ombi. Ombi la Iowa lina kazi ya ziada, maana huko, kwa desturi, wafuasi huhudhuria mkutano wa jioni katikati ya majira ya baridi badala ya kutumbukiza kura na kuondoka. Ndiyo maana mlangoni utawakuta vijana wa kampeni na kadi za kujaza jina na namba ya simu. Makofi bila kadi hayana faida kubwa.

Wasifu ndicho kipande tunachokisoma vibaya sana sisi wa mbali. Barack Obama alipojieleza kuwa mtoto wa baba kutoka Kenya na mama kutoka Kansas, masikio yetu yalishika Kenya. Neno lililotumwa kufanya kazi kwa mpiga kura wa Iowa lilikuwa Kansas. Kisa chake cha raia kilikuwa cha Edith Childs, diwani wa Greenwood, South Carolina, aliyekiamsha chumba kizima kwa kuitikishana na watu. Obama alikirudia kisa hicho kampeni nzima ya 2008, na hakuna aliyemlaumu, kama ambavyo hakuna anayemlaumu mwimbaji wa taarabu kwa kurudia kibwagizo. Watu hunyanyuka kwenda kutunza hasa kwa sababu wanajua ubeti gani unafuata.

Nafasi tupu nazo zina hatari zake. Aprili 2016, Ted Cruz, aliyekuwa akisaka tiketi ya Republican, alisimama kwenye ukumbi wa mpira wa kikapu wa Knightstown, Indiana, akapima urefu wa goli kama ilivyo kwenye filamu maarufu iliyopigwa humo, halafu akaliita “ring” ya kikapu. Ajabu ni kwamba kanuni za kimataifa za mchezo huo hutumia neno hilohilo, na mfasiri wa Kiswahili asingeona kosa lolote. Lakini mtu wa Indiana halisemi, na jimbo zima likasikia mgeni aliyejifunza kipande usiku uliopita. Tarehe 3 Mei alishindwa huko na akajitoa usiku huohuo. Sisemi neno moja ndilo lililomwangusha, Donald Trump alikuwa mbele tayari. Lilichofanya ni kuwapa waandishi kitu kipya cha kuandika siku ambayo hotuba haikuwa na jipya.

Sasa twende nyuma ya ukumbi. Hapo pana jukwaa la kamera linalomtazama msemaji uso kwa uso, na mara nyingi jukwaa dogo pembeni la kumpiga picha pamoja na umati. Chini pana kisanduku cha sauti chenye matundu mengi. Kila kituo huchomeka waya wake, na sauti ya kipaza sauti cha mgombea huingia moja kwa moja bila kelele za chumba. Kisanduku kama hicho kinaeleza kilichomkuta Howard Dean, aliyekuwa akisaka tiketi ya Democratic, usiku wa 19 Januari 2004, baada ya kushika nafasi ya tatu Iowa. Ukumbi wa West Des Moines ulikuwa ukirindima. Dean alipaza sauti akitaja majimbo yanayofuata, na waliokuwepo walimsikia kwa shida. Kipaza sauti alichoshika kilikuwa cha aina inayozuia kelele za pembeni, kwa hiyo nyumbani watu walimwona mwanamume akipiga ukelele peke yake. Televisheni zilirusha kipande hicho mamia ya mara ndani ya siku chache. Ukipokea klipu ya namna hiyo, uliza kwanza sauti imechukuliwa wapi, kwenye waya au hewani.

Mitandao mikubwa ya televisheni humpa kila mgombea muhimu mwandishi kijana mmoja asiyebanduka kwake, mwenye kamera yake mwenyewe. Vyombo vya habari hulipia viti vyao kwenye basi na ndege ya kampeni, na gharama si ndogo. Mhariri aliyelipa hivyo anataka habari kila siku, na hotuba ya jana haimpi. Kwa hiyo nafasi hujazwa na tafiti za maoni ya wapiga kura, fedha zilizochangwa na nani yuko mbele. Ndivyo mgombea Edmund Muskie alivyopata karibu asilimia 46 katika jimbo la New Hampshire mwaka 1972, akamshinda George McGovern kwa takriban pointi tisa, na bado akaandikwa kama aliyeanguka kwa kuwa alitarajiwa kupata zaidi. Wakati huohuo maneno ya mgombea mwenyewe yamezidi kufupishwa. Katika habari za jioni, wastani wa kipande cha sauti yake ulikuwa zaidi ya sekunde 40 mwaka 1968. Mwaka 1988 ulikuwa chini ya sekunde kumi.

Mwandishi mzuri wa msafara hufanya jambo jingine, ambalo kwangu ndilo lenye thamani: husikiliza tofauti. Anayo hotuba ya msingi kwenye daftari, neno kwa neno, na kila siku anaandika kilichoongezwa, kilichodondoshwa na kitenzi kilicholegezwa. “Nitaifuta” ikigeuka “nitaitazama upya”, hiyo ni habari kuliko mkutano wenyewe. Kipimo kizuri ni msaada wa serikali kwa ethanoli, mafuta ya magari yanayotengenezwa kwa mahindi ya wakulima kama wa Iowa: tazama kama maneno yaliyosemwa Iowa bado yapo mgombea akivuka kwenda New Hampshire.

Tofauti ndogo kama hiyo iliimaliza kampeni ya Joe Biden mwaka 1987. Alipenda hotuba ya Neil Kinnock, kiongozi wa chama cha Labour cha Uingereza, aliyeuliza kwa nini yeye ndiye wa kwanza katika vizazi elfu vya kina Kinnock kufika chuo kikuu. Biden aliitumia katika mikutano na kumtaja mwenyewe. Tarehe 23 Agosti, kwenye maonyesho ya kilimo ya Iowa, alihitimisha kwa maneno yaleyale na jina la Kinnock halikutoka. Kipande kikizoeleka mdomoni, kitu cha kwanza kupukutika huwa ni “kama alivyosema fulani”. Kanda ilipelekwa kwa waandishi na John Sasso, meneja wa kampeni ya mpinzani wake Michael Dukakis. Tarehe 23 Septemba Biden alijitoa, na siku chache baadaye Sasso naye akaacha kazi. Somo la pili la kisa hiki husahaulika: uchunguzi mwingi wa vyombo vya habari huanzia kwenye bahasha iliyotoka kambi ya pili, na msomaji ana haki ya kuambiwa hivyo.

Kosa la kinyume ni kisa kinachonenepa. Hillary Clinton alikuwa akisimulia safari yake ya Tuzla, Bosnia, ya 1996. Kufikia 17 Machi 2008 ilikuwa na risasi za wadunguaji na watu kukimbia wameinamisha vichwa. Televisheni ya CBS walikuwa na picha zao za siku ile: msafara uko uwanjani, watu wanasalimiana, mtoto anamsomea shairi. Clinton akakiri kuwa alikosea. Kisa kinachosimuliwa kila siku mbele ya watu wanaoguna pale penye hatari huongezewa chumvi punje moja moja, na msimulizi mwenyewe anaweza asigundue.

Mdahalo ni uwanja mwingine kabisa, na hapo ndipo hotuba ya kisiki huvunjika hadharani, kwa sababu mpinzani naye ameisikia. Tarehe 6 Februari 2016, kwenye chuo cha Saint Anselm, New Hampshire, Marco Rubio alisema: “Tuachane kabisa na uongo huu kwamba Barack Obama hajui anachofanya. Anajua barabara anachofanya.” Mpinzani wake, Chris Christie, akamshambulia kwamba anakariri. Rubio akajibu kwa sentensi ileile. Christie akaigeukia hadhira: hiyo hapo, hotuba ya sekunde 25 iliyokaririwa. Rubio akairudia tena. Siku tatu baadaye, mtu aliyetoka kushika nafasi ya tatu Iowa aliambulia ya tano New Hampshire. Christie alishika ya sita, akajitoa. Rick Perry alikwama kwa namna ya pili Novemba 2011: alitaka kutaja idara tatu ambazo angezifuta, akataja biashara na elimu, na ya tatu, nishati, ikagoma kuja. Mmoja alishindwa kutoka kwenye maandishi, mwingine alishindwa kuyapata.

Kwa dawati la habari la Kiswahili, fanya hivi. Chukua hotuba kamili mbili za mgombea mmoja zilizopishana wiki kadhaa; hazina ya video ya C-SPAN, televisheni ya Marekani inayorusha shughuli za siasa, ina hotuba tangu 1987 na kuiangalia ni bure. Ziandike, pigia mstari yanayofanana, na hayo ndiyo msingi wako. Habari ya shirika la habari ikija na nukuu, itafute humo kwanza. Ikiwepo, usiandike “ametangaza”, andika “amerudia”. Maandishi yanayotumwa na kampeni kabla ya mkutano yalinganishe na sauti, maana wasemaji huruka aya nzima. Maneno ya faragha yatenganishe na ya jukwaani: kauli ya Obama kuhusu watu wenye uchungu wanaong'ang'ania bunduki na dini ilitoka kwenye hafla ya wachangiaji San Francisco, Aprili 2008, ambako waandishi hawakualikwa, na aliyeitoa ni mwanablogu aliyeingia kama mchangiaji.

Na tafsiri ya sentensi za msingi iwe moja, iandikwe, na kila zamu iitumie. Tumefundishwa shuleni kuwa kurudia neno ni dosari ya insha, kwa hiyo mfasiri mwenye mkono mzuri atamfanya Rubio aseme “uongo” mara ya kwanza, “dhana potofu” mara ya pili na “hadithi” mara ya tatu. Msomaji wake hataelewa Christie alikuwa anamcheka nini.